BARUA YA KITALE NA BUNGOMA
Nusu Eka Ziwani

Juma lililopita nilikuwa stesheni ya mabasi ya Kitale nikingoja gari la Bungoma, mara nikaguswa bega. Kugeuka, ni mpwa wangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa fundi cherehani mtaani Tuwan, mtu wa mjini kabisa asiyependa hata kukanyaga umande. Uso umekuwa mweusi kwa jua, na viganja vimechanwa na kamba. Kumbe tangu mwaka jana amehamia kisiwa cha Migingo, katika Ziwa Viktoria, naye huvua sangara, samaki ambao Waluo huwaita mbuta.

"Mjomba," akaniambia, "kule fedha hulala majini."

Kisiwa hicho ni mwamba mtupu, na ukubwa wake wapata nusu eka. Sisi wa Trans Nzoia, tuliozoea kutazama mahindi mpaka macho yachoke, nusu eka twaiona kuwa ni bustani ya mboga. Hata hivyo, katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 walikutwa watu 131 juu ya mwamba huo, na nyumba zao za mabati zimebanana hata jirani akikohoa usiku wewe waamka. Hakuna pa kulima wala pa kufunga ng'ombe. Unga huja kwa mashua za injini kutoka Sori, na ziwa likichafuka, watu hungoja.

Tena pana jambo la mpaka. Mwaka 2004 polisi wa Uganda walifika na kupandisha bendera yao. Mwaka 2009 ikapimwa, na kisiwa kikaonekana kiko upande wa Kenya, mita 510 kutoka mpakani. Lakini maji ya magharibi ni ya Uganda, na wavuvi wetu wamekamatwa huko mara nyingi. Basi mtu hulala Kenya na kutega nyavu Uganda! Mpwa wangu alicheka aliponieleza hayo, nami sikucheka.

Sikatai kwamba faida iko. Nyama ya sangara husafirishwa ng'ambo, na mabondo yake hununuliwa kwa bei kubwa na kupelekwa Uchina. Lakini nilipomwuliza yeye hupata nini, alinyamaza kidogo. Mashua ikirudi, kwanza hutolewa gharama ya petroli na chakula. Kisha mwenye chombo huchukua fungu lake, na la injini, na la nyavu. Kinachosalia ndicho wagawanacho wale waliokesha majini.

Ndipo akatoa neno lililomleta. Anataka kununua mashua yake na injini, na ili apate fedha, fungu lake la shamba la marehemu baba yake, karibu na Chwele, liuzwe. Nikamwuliza ni kubwa kadiri gani. Akasema nusu eka.

Tulipanda gari pamoja. Njia nzima, tangu Kiminini hata Kamukuywa, nilimwambia kwamba injini huharibika na nyavu huibwa, bali udongo wa Chwele haujapata kuzama. Yeye alijibu kwamba udongo huo haujapata kumlipia hata kodi ya chumba pale Tuwan. Kwa kweli hapo sikuwa na jibu la haraka. Nilimshauri avue mwaka mmoja zaidi kwa mashua ya mwingine, aweke akiba, kisha anunue nyavu kwanza. Aliona ni ushauri wa mzee.

Shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha bodi ya ardhi, na bodi hutaka kuwaona wenye nyumba. Kwa hiyo neno liko kwa dada yangu, anayelala na kuamka juu ya nusu eka hiyo. Tulimkuta akipalilia maharage. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, akauliza kama kule kisiwani kuna mahali pa kuzika mtu, kisha akaingia jikoni kututilia chai. Hajatoa jibu bado, na kijana amekwisha kurudi Sori.