SAFARI FUPI YA ULAYA IPANGWE KUANZIA TUMBONI

Ndugu msomaji, huenda ukajiuliza mwanafunzi wa kutwa anayekuja shuleni kwa miguu ana maoni gani kuhusu likizo ya Ulaya. Swali lako ni la haki. Mimi mwenyewe sijavuka hata mpaka wa Namanga. Lakini tangu muhula wa kwanza nimepewa kazi ya kupanga safari ya Roma, tena safari ya siku nne tu, na kazi hiyo imenifunza jambo ambalo naona heri nilitoe hapa ukurasani. Maoni yangu ni kwamba safari fupi ya namna hiyo haifai kupangwa kwa kuhesabu majengo. Mtu aanze na chakula: atakula wapi, saa ngapi na pamoja na nani. Majengo yafuate baadaye.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama yangu ana kibanda cha chakula karibu na stendi ya matatu. Hupika chapati, madondo na matumbo. Mdogo wake, ambaye mimi humwita mama mdogo, ni muuguzi nchini Ujerumani, nao hawajaonana ana kwa ana tangu mwaka wa 2016. Mwaka huu mama mdogo akasema wakutane Roma wakati wa likizo yake ya Agosti, yeye alipe hoteli, mama atumie zamu yake ya chama kulipa nauli. Roma ilichaguliwa kwa sababu mama ni Mkatoliki kwelikweli, na picha ya Kanisa la Mtakatifu Petro imetundikwa juu ya kabati letu tangu nikiwa mtoto. Agosti nayo inafaa kwa kuwa shule zitakuwa zimefungwa nami nitashika mwiko kibandani. Basi mama akanipa daftari na simu yake, akasema, "Wewe ndiwe msomi wa nyumba hii. Nipangie."

Nikapanga! Kwa siku nne nilitia mahali kumi na tisa. Niliandika Colosseum, chemchemi ya Trevi, Pantheon, na makanisa mengine ambayo hata majina yake yalinishinda kutamka. Chakula nilikitengea mstari mmoja tu chini ya ukurasa: "Biskuti na maji." Jumapili baada ya misa niliwapeleka kwenye Makumbusho ya Vatikani, na Jumatatu kwenye Galleria Borghese. Nikalisoma daftari langu kwa sauti kwenye simu, kifua mbele kama jogoo.

Mama mdogo alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alinieleza kwamba Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, na Jumapili yao siyo hiyo. Galleria Borghese nayo hufungwa Jumatatu. Wahenga hawakukosea waliposema mshika mbili moja humponyoka, sembuse mshika kumi na tisa.

Mama hakucheka. Aliniuliza, "Tutakaa wapi?" Nikamtajia hoteli. Akasema, "Sijauliza tutalala wapi. Nimeuliza tutakaa wapi, mimi na mdogo wangu, tuongee."

Hapo nilinyamaza. Nyanya yetu alifariki mwaka wa 2021, wakati wa Korona, na mama mdogo hakuweza kusafiri. Mazishi aliyatazama kwenye simu iliyoshikwa na binamu yangu, mara picha inakwama, mara sauti inapotea. Tangu siku hiyo wao huongea kila Jumapili, lakini nimewasikiliza na najua wanaongea juu ya ada, juu ya mvua, juu ya bei ya unga. La nyanya hawajaligusa. Mimi nilikuwa nimewapangia safari ambayo wangekimbia siku nne kutoka foleni hadi foleni, kisha waagane uwanja wa ndege. Nikairarua ile karatasi.

Nilipoanza upya nilianza na saa za kula, na hapo ndipo nikagundua kwamba mji wenyewe unakupangia ukiukubalia. Mikahawa mingi ya Roma hutoa chakula cha mchana kuanzia kama saa saba hadi saa tisa, kisha jikoni hufungwa, na cha jioni hakianzi mpaka kama saa moja unusu au saa mbili usiku. Mtu asiyejua hilo atatoka makumbusho saa kumi jioni na njaa ya kuumwa, akute milango imefungwa isipokuwa ile ya kunasia watalii. Tena Agosti jua la Roma ni kali, joto hupita digrii 30. Sasa niambie, saa saba mchana ni saa ya kutembea juu ya mawe ya kale au ni saa ya kukaa kivulini mbele ya sahani? Warumi wenyewe wamekwisha jibu.

Kuna jambo jingine nililoliona. Katika mji ule si kila mahali unaweza kujikalia tu. Zile Ngazi za Kihispania zinazoonekana kwenye picha, tangu mwaka wa 2019 ni marufuku kuzikalia, na faini yaweza kufika yuro 400. Yuro moja ni karibu shilingi 150, piga hesabu mwenyewe! Kahawa nayo ukiinywa umesimama kaunta ni rahisi, ukiketi mezani huenda bei ikapanda hata mara mbili. Kwa hiyo kiti ni kitu cha kupangiwa pesa kama tiketi. Maji ndiyo ya bure: mjini kote kuna visima vya chuma vidogo, zaidi ya 2,000, vinavyotiririsha maji baridi ya kunywa usiku na mchana. Nilimwambia mama abebe chupa tupu. Hakuamini. Sisi hapa mtungi wa lita ishirini ni wa kununua.

Sasa nifike kwenye matumbo, maana najua wapo wanaongoja. Mama alitaka kumbebea mdogo wake nyama ya kukaanga na maziwa lala kutoka nyumbani. Haiwezekani. Msafiri anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuingia na nyama wala maziwa, watamnyang'anya palepale. Alisikitika sana. Nikaanza kutafuta kama kuna chochote cha huko kinachofanana na cha kwetu, na nikapata kitongoji kinachoitwa Testaccio. Huko kulikuwa na kichinjio kikubwa cha jiji, kilichojengwa kati ya mwaka wa 1888 na 1891 na kufungwa mwaka wa 1975. Wafanyakazi wake walikuwa wakipewa sehemu ya malipo kwa vile vipande ambavyo matajiri hawakuvitaka: matumbo, mikia, miguu, maini. Wake zao na wenye mikahawa ya jirani wakavipika mpaka vikawa chakula cha sifa cha mji mzima. Hadi leo matumbo ya Kirumi hupikwa kwa nyanya, yakatiwa jibini ya kondoo na majani ya mnanaa, na desturi ya zamani ni kuyala Jumamosi. Mama aliposikia habari ya mnanaa alikunja uso kidogo, kisha akasema atajaribu kibandani. Amejaribu. Makondakta walimaliza sufuria.

Niliposoma rasimu hii chamani, mwenzangu mmoja wa kidato cha nne alisimama akasema, "Ati mtu apande ndege mpaka Ulaya akale matumbo?" Watu wakaangua kicheko, hata patroni wetu akafunika mdomo. Basi nimjibu hapa, kwa kuwa siku ile kengele ilinikatiza. Ndugu yangu, wewe na mimi hununua mutura pale langoni kila jioni tukitoka masomoni, tena tunagombania. Ukisikia kwamba watu wa Roma nao walitukuza kile kile kilichotupwa na matajiri, hiyo siyo aibu. Hiyo ni historia ya mji, na unaijua kwa ulimi. Anayetaka ugali pia ataupata, huko wanauita polenta, ingawa ni chakula cha kaskazini zaidi. Lakini kumaliza siku nne ukitafuta ugali Roma, hapo hata mimi nitacheka.

Tena Testaccio haikunyimi cha kutazama. Pana kilima chenye urefu wa kama mita 35 ambacho si cha udongo. Ni vigae vitupu vya mitungi ya mafuta ya zeituni iliyovunjwa na kurundikwa na Warumi wa kale, mafuta yaliyoletwa kwa meli kutoka Hispania na kutoka Afrika ya Kaskazini. Yaani jalala la vyombo vya jikoni limekuwa mlima! Kwa mwenye kibanda cha chakula, mimi naona hilo litamwingia kuliko sanamu kumi za watawala. Na kutoka Colosseum mpaka huko ni vituo viwili tu vya treni ya chini ya ardhi, unashukia Piramide. Kwa hiyo Jumamosi yao sasa iko hivi: Colosseum asubuhi kabla ya jua kuchacha, saa saba matumbo, kisha kilima wakikizunguka polepole.

Nakiri wale wanaopinga wana hoja. Wanasema nauli ni ghali, huenda mtu asirudi tena maishani, basi aone kila kitu. Sikatai kwamba kuna vitu vya lazima. Mama angeniuliza maisha yangu yote kama ningemkosesha Kanisa la Mtakatifu Petro, ambalo kuingia ni bure mradi mabega na magoti yamefunikwa. Leso yake itafanya kazi hiyo. Makumbusho ya Vatikani, yenye lile dari lililochorwa na Michelangelo, tumeyaweka Jumatatu asubuhi. Tiketi ni yuro 20 na nyongeza ya yuro 5 ukiagiza mapema, na ni afadhali uilipe hiyo nyongeza kuliko kusimama juani. Ya Colosseum ni yuro 18, nayo huandikwa jina la mwenyewe, lazima lilingane na pasipoti. Hayo mawili yanatosha kwa kulipia. Pantheon wataipitia Ijumaa jioni kwa nje, na kama mlango utakuwa wazi ni yuro 5.

Tahadhari moja kwa anayepanga Agosti: karibu na tarehe 15, ambayo kwao ni sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, mikahawa mingi midogo ya kifamilia hufungwa, wenyewe wamekwenda baharini. Mama mdogo atapiga simu kabla. Hata Papa wakati huo huenda asiwe mjini, mara nyingine huwa Castel Gandolfo. Akiwepo, Jumapili saa sita adhuhuri huonekana dirishani akiongoza sala, na hakuna tiketi.

Baada ya sala hiyo, daftari langu limeandika hivi: "Jumapili, saa saba mchana: chakula. Hakuna kingine." Mjomba, ambaye anajua mambo ya viza, ameliona na kulipinga vikali. Anasema ubalozi hutaka mpango wa safari uliojaa, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na ada ya yuro 90 ambayo hairudishwi hata ukinyimwa. Kwa nini mama ahatarishe shilingi elfu kumi na tatu na zaidi kwa sababu ya alasiri tupu? Akanishauri niandike makumbusho yoyote pale, mradi nafasi izibwe. Nilichukua kalamu, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kuandika.

Mama aliniambia niache. Alisema akiulizwa na yule wa dirishani, atamweleza kwamba hapo atakuwa anakula na mdogo wake. Karatasi zinapelekwa Jumanne.