Mifumo isomane, lakini njia isiwe ya mwenye nguvu peke yake

Kahawa ya Msangeni hubeba gharama moja isiyoonekana katika bei ya mnada, wala katika ushuru wa Halmashauri ya Wilaya ya Mwanga, wala katika nauli ya gari linaloteremka milima ya Ugweno. Ni gharama ya kuandika jambo lile lile mara nyingi, katika vitabu visivyofahamiana.

Mkulima hupeleka kahawa yake chama cha msingi, ambako jina na kilo huandikwa. Mzigo ukifika Moshi kukobolewa, uzito huandikwa upya, safari hii pamoja na madaraja. Mnadani, Bodi ya Kahawa ina kumbukumbu zake za bei na mnunuzi. Benki ina zake za malipo. Halmashauri nayo inataka hesabu ya ushuru wa mazao, na Mamlaka ya Mapato ina daftari lake. Mwisho fedha hurudi chamani, na karani huanza tena kuwatafuta wakulima wale wale kwa majina yale yale.

Kompyuta siku hizi zipo karibu kila kituo, lakini nyingi humsikiliza mwenyewe tu. Tarakimu moja ikikosewa wakati wa kunakili, au jina likiandikwa tofauti na lilivyo katika kitambulisho, malipo husimama hadi mtu apande gari na makaratasi mkononi. Anayesubiri ni mkulima mwenye ada ya shule, na mwenye duka aliyemkopesha sukari na mafuta ya taa kwa ahadi ya msimu. Fedha iliyochelewa mwezi mmoja ni mtaji uliolala mwezi mmoja, na mtaji uliolala hauna faida.

Ndiyo maana agizo la Serikali kwamba mifumo "isomane", ambalo Rais Samia Suluhu Hassan amelirudia zaidi ya mara moja, si habari ya mafundi wa kompyuta peke yao. Ni habari ya soko. Wafanyabiashara na wenye hisa chache wanapaswa kuuliza mapema mifumo hiyo itasomana kwa njia gani, na njia hiyo itakuwa chini ya nani.

Hesabu ya njia

Kuunganisha programu za biashara kuna namna mbili. Ya kwanza ni kila programu kuvutiwa waya wake hadi kwa kila programu nyingine. Kwa wawili au watatu jambo hilo halina taabu. Lakini taasisi nne zinahitaji njia 6, kumi zinahitaji njia 45, na arobaini zinahitaji njia 780. Kila njia ina mkataba wake, fundi wake na matengenezo yake. Taasisi moja ikibadili programu yake, njia zote zinazoifikia huguswa.

Namna ya pili ni njia kuu moja ya mawasiliano ambayo wote huungana nayo. Mafundi huiita "basi", neno lile lile la gari la abiria, ambalo asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya "kwa ajili ya wote". Kila programu huwekewa mkalimani mmoja tu, anayegeuza lugha yake kuwa lugha iliyokubaliwa njiani. Njia hupokea ujumbe, hutazama unakokwenda, huufikisha, na kama mpokeaji amezima mashine, huuweka mpaka atakapowasha. Taasisi arobaini zinahitaji wakalimani arobaini, si njia 780.

Njia hiyo inaweza pia kufanya kazi kama mbiu ya mgambo. Mizani ikishatangaza mara moja kwamba kilo kadhaa zimepokelewa, chama, benki na halmashauri husikia kwa pamoja, kila mmoja akachukua linalomhusu. Hakuna anayenakili kutoka karatasi ya mwenzake.

Fikra hii ilizaliwa sokoni. Katika miaka ya 1980 madalali wa hisa wa New York walikuwa na kompyuta kadhaa juu ya meza moja, kila moja ikileta bei kutoka chanzo chake. Kampuni ya Teknekron, chini ya Vivek Ranadivé, ikatengeneza njia moja ya kupitishia habari zote za bei kwa kila aliyezihitaji. Shirika la Reuters likainunua mwaka 1994, na mwaka 1997 ikazaliwa TIBCO, jina ambalo ni kifupi cha "kampuni ya basi la habari". Waliolipia kazi hiyo walikuwa watu wa fedha, kwa sababu waliona kuchelewa kwa habari kunawakula.

Funzo la pesa za simu

Tanzania ina ushahidi wake, tena unaofahamika na kila mwenye simu. M-Pesa ya Vodacom ilianza nchini mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata na huduma zao. Kwa miaka kadhaa mfanyabiashara alilazimika kuwa na laini mbili au tatu, kwa kuwa pesa ya mtandao huu haikuingia moja kwa moja katika pochi ya mtandao ule. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zikakubaliana kupokeana. Vodacom, iliyokuwa na wateja wengi zaidi, ikaingia mwaka 2016. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani ambako mitandao ya simu ilipitishiana pesa.

Mambo mawili yanafaa kukumbukwa hapo. La kwanza, makubaliano yale yalikuwa ya wawili wawili, yaani ile namna ya kwanza ya waya kwa waya. Yalifaa kampuni zilipokuwa chache, lakini mabenki na watoa huduma wapya walipoongezeka, hesabu ya njia ikaanza kulemea. Benki Kuu ikaja na mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, uliotengenezwa na wataalamu wa ndani na kuanza kazi mwaka 2021. Huo ndio basi lenyewe: benki au kampuni ya simu huungana mara moja na kuwafikia wote. Kenya ilikuwa imeanzisha Pesalink ya mabenki mwaka 2017, na India UPI mwaka 2016.

La pili ni kwamba mwenye wateja wengi ndiye huwa na sababu ndogo ya kufungua mlango. Ukuta humfaa aliye ndani na watu wengi. Mwenye kuumia ni mdogo, awe kampuni changa au muuza ndizi wa Msangeni ambaye mnunuzi wake wa mjini yuko mtandao mwingine. Kwa hiyo njia ya pamoja haiji yenyewe kwa nguvu ya soko huria. Inahitaji mkono wa sheria, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 iliipa Benki Kuu mkono huo.

Upande wa Serikali hatua nazo zimepigwa. Tangu mwaka 2017 mfumo wa GePG umewezesha malipo ya taasisi za umma kufanyika kwa namba moja ya malipo, kupitia benki au simu, mahali pa kila taasisi kuwa na utaratibu wake na benki yake. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, imejenga mfumo wa kubadilishana taarifa serikalini unaojulikana kwa kifupi kama GovESB. Aliyewahi kusajili kampuni BRELA kwa namba yake ya NIDA ameonja faida ya ofisi moja kusoma daftari la nyingine.

Nani anakaa mlangoni?

Hata hivyo, sifa zisiwe nyingi mno. Njia moja ina hatari zake, na hatari hizo humwangukia mdogo kwanza.

Hatari ya kwanza ni ushuru wa njiani. Pesa zote zikipita mahali pamoja, ni rahisi kwa yeyote mwenye mamlaka kuweka kizuizi na kudai chake. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu. Kelele zikawa kubwa, na Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kupunguzwa katika miaka iliyofuata. Kilichoonekana ni kwamba gharama ya njia ikipanda, watu hurudi kubeba noti mfukoni, na njia nzuri ikabaki bila abiria.

Hatari ya pili ni kukatika. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Wengi waliojizoesha kufanya kila kitu mtandaoni walikwama. Njia kuu ya malipo au taarifa ikisimama, haisimami kwa mmoja bali kwa wote. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Njia ya pamoja bila njia ya akiba ni utegemezi wa aina hiyo.

Hatari ya tatu ndiyo inayonong'onwa zaidi madukani. Wafanyabiashara wengi huamini kwamba "kusomana" ni jina jingine la Mamlaka ya Mapato kuwachungulia. Migomo ya Kariakoo ya Mei 2023 na Juni 2024 ilionyesha kutoaminiana kulikopo kati ya wenye maduka na watoza kodi. Hofu hiyo haifai kubezwa, lakini nayo ina upande wa pili. Mwenye vitabu safi ananufaika daftari zikisomana, kwani makadirio ya kodi yatafuata mauzo yake halisi badala ya macho ya afisa. Benki nayo ikiona mzunguko wake wa kweli, inaweza kumkopesha bila kudai hati ya shamba la ukoo. Sharti ni kwamba kila ofisi isome linaloihusu tu, na kila aliyesoma aache alama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Kazi iliyobaki ni kuitumia pia pale anayechungulia ni ofisi ya umma.

Mfano wa ndiva

Wapare hawahitaji kufundishwa kutoka mbali namna ya kutawala kitu cha pamoja. Ndiva hukusanya maji usiku, nayo hufunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Tope likijaa, wenye kuitumia huizibua kwa msaragambo. Zamu hujulikana, na anayefungua maji usiku kwa siri hujulikana pia. Ndiva iliyoachwa iwe ya mtu mmoja huwa chanzo cha ugomvi, na isiyo na mwenyewe hukauka.

Njia ya mawasiliano ya biashara inahitaji mambo hayo hayo: zamu na bei zinazojulikana, matengenezo yanayochangiwa, na mlango ulio wazi kwa mdogo. Chama cha msingi cha Ugweno kiweze kuungana kwa masharti yale yale ya kampuni kubwa ya Moshi au Dar es Salaam, na kwa gharama inayolingana na kilo zake. Lugha ya ujumbe itangazwe hadharani, ili hata fundi kijana wa Mwanga aweze kumtengenezea mwenye duka programu inayoingia njiani bila kununua ruhusa kwa mtu wa kati. Vinginevyo ulanguzi utahama kutoka kwenye magunia na kuingia kwenye waya.

Wenye hisa chache nao wana la kuuliza. Hisa za NMB ziliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2008, za CRDB mwaka 2009, na za Vodacom mwaka 2017 baada ya kuuzwa kwa Sh. 850. Wapo wanaohofu kwamba njia ya pamoja itabomoa kuta za kampuni hizi na kupunguza gawio. Hofu hiyo inatazama ada ya muamala mmoja na kusahau wingi wa miamala. Mkutano mkuu unapofika, swali la maana zaidi ni hili: kampuni inatumia kiasi gani kila mwaka kutunza njia za waya kwa waya, na itaziacha lini? Uongozi usio na jibu unachezea fedha za wanahisa.

Kwa mfanyabiashara wa Msangeni ushauri ni mfupi. Aweke vitabu vyake sawa sasa, jina lake liwe moja katika kitambulisho, benki, simu na leseni, na asinunue programu ya stoo au mauzo kabla ya kuuliza kama inaweza kutoa na kupokea taarifa. Programu isiyoweza hivyo, hata ikiuzwa bei chee, itamgharimu mara mbili atakapolazimika kuitupa.

Njia inajengwa, apende asipende. Masharti yake bado yanaandikwa, na wenye maduka, vyama vya msingi na wanahisa wadogo wasiposema sasa, yataandikwa na wakubwa kwa ajili ya wakubwa.