Miwani ya Mtu Mmoja

Tuelewane mapema, vijana wenzangu. Chombo kinachomziba mtu macho na masikio, kikamtenga na wenzake waliokaa naye mkeka mmoja, bado hakijafika Kariakoo. Kimeletwa tu. Kufika ni jambo jingine.

Nazungumzia miwani ya uhalisia pepe, ile washkaji wanayoiita VR. Zunguka Aggrey na Msimbazi, ulizia, utaoneshwa ya aina mbili. Ya kwanza ni boksi la plastiki lenye lenzi mbili. Simu unachomeka mwenyewe. Babu yake ni Cardboard ya Google ya mwaka 2014, karatasi ngumu ya kukunja, ambayo Google wenyewe waliacha kuiuza mwaka 2021. Muuzaji atakuapia: "Inakubali simu yoyote, bosi." Kuingia kweli itaingia. Lakini simu nyingi za bei ya chini hazina jairoskopu, kile kidude cha ndani kinachoiambia simu kwamba umegeuza kichwa. Bila hicho utageuza shingo mpaka ikuume, na picha imeganda palepale. Na karimoti kanakouzwa nayo kanabonyeza tu. Hakajui mkono wako uko juu au chini.

Ya pili ndiyo yenyewe: ina kompyuta yake ndani, haihitaji simu kuchomekwa. Mfano ni Quest 2, iliyotoka Oktoba 2020 kwa dola 299 huko Marekani. Ina pedi mbili za mkononi, kila moja betri moja ndogo, na kamera za miwani huzifuata pedi popote ziendapo. Unyanyue mkono, na mkono wa ndani unanyanyuka. Kwa mtoto wa mjini hiyo ni ya bei nafuu kwa jina tu, ndiyo maana nyingi zinazoonekana hapa ni za mkono wa pili, zimekuja kwenye begi la ndugu.

Sasa ugomvi. Mbele ya kitu hiki tumegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema ni upuuzi, kitoto cha kucheza, pesa hiyo si bora ununue vitabu? Hao tuwaache, ndio walewale ambao kila kitu kipya kwao ni upuuzi mpaka wajukuu wao wawafundishe kukiwasha. Kundi la pili ndilo linaloniudhi, kwa kuwa ndimo tulimo sisi. Wimbo wake ni mmoja: "Tusiachwe nyuma." Eti ukiwa nayo, umekwenda na wakati. Unakwenda wapi, ndugu yangu? Umekaa kitandani Jangwani, chumba futi kumi kwa kumi, mlango umefunga, jasho linatiririka kwenye sponji, ndani ya miwani unatembea Paris. Nje, mdogo wako anabisha hodi humsikii. Hiyo ndiyo kuwahi mbele?

Mashine yenyewe inakuambia haikutengenezwa ikikufikiria wewe. Ili utembee ndani yake, inataka eneo tupu la mita 2 kwa 2. Toa kitanda, toa ndoo, toa jiko, toa na mpangaji mwenzako, labda utalipata. Ipo namna ya kuitumia umekaa, lakini hapo umelipia miguu usiyoitumia. Menyu zake hazina Kiswahili. Ilipotoka mwaka 2020 ililazimisha uwe na akaunti ya Facebook, sharti lililoondolewa mwaka 2022 kwa kuletewa akaunti nyingine ya kampuni hiyohiyo. Na duka lake ni la mtandaoni: intaneti ilipozimwa nchini Oktoba 2025 wakati wa uchaguzi, aliyekuwa hajapakua kitu alibaki na kofia nzito usoni.

Lakini sisemi tuikatae. Nasema tumeipokea vibaya, na aibu yetu ni kwamba tulishapokea vitu vigumu kuliko hiki na tukavimudu.

Kumbukeni. Bara hatukuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Sisi tulijaa sinema, na ilipokuja video tukajaa kwenye mabanda ya video, yale tuliyoyabatiza vibanda umiza: mabenchi, joto, runinga moja, watu wamebanana kama dagaa. Filamu ni ya Hong Kong au India, na nusu ya benchi haijui lugha hata moja kati ya zinazosemwa. Tulifanyaje? Akasimama mtu. Derek Gaspar Mukandala, tuliyemjua kwa jina la Lufufu, akaweka sauti yake juu ya filamu za watu na kuzisimulia kwa Kiswahili. Hakutafsiri neno kwa neno. Alieleza, alitania, aliwapa wahusika tabia za watu wa uswahilini. Kampala wana VJ Jingo wao, Kenya wana DJ Afro. Kabla yao, Wajapani walikuwa na wasimuliaji waliosimama kando ya pazia wakizisemea filamu zisizo na sauti. Kumbe si ushamba, ni sanaa.

Hapo ndipo penye hatari ya miwani hii. Runinga iliacha nafasi pembeni yake, msimulizi akasimama hapo. Miwani haina pembeni. Imefunga macho ya mmoja, imeziba masikio ya mmoja, imefungua akaunti ya mmoja. Tukiizoea hivyo, msimulizi wetu hana pa kusimama, na Kiswahili kinakuwa lugha ya kuulizia bei dukani tu. Ukishavaa, unanyamaza, unaongozwa na lugha ya wengine. Ninyi mnaosoma ukurasa huu mnataka kuwa waandishi. Mtamwandikia nani, kama msomaji wenu amejifungia ndani ya kofia ambayo sauti yenu haiingii?

Dawa ipo, wala haihitaji mfadhili. Miwani ya aina ya Quest inaweza kurusha kile anachokiona mvaaji kwenye simu au runinga. Basi itoeni chumbani, ipelekeni kibandani. Mmoja avae, kiti kimoja katikati. Wengine watazame runinga. Na kando asimame mtu mwenye kinywa, asimulie. Mvaaji akiogopa kuvuka daraja, benchi zima limpigie kelele avuke. Hapo chombo kitakuwa kimefika Kariakoo.

Wapo watakaosema: "Na magonjwa je?" Swali la haki. Januari 2024 Dar ilipokumbwa na macho mekundu, kila mtu alijifunza kuogopa taulo la mwenzake. Ndiyo maana nimesema avae mmoja, wengine watazame. Wakipokezana, kiwepo kifuniko cha silikoni kinachofutika. Kampuni yenyewe iliwagawia wateja wake vifuniko vya namna hiyo mwaka 2021, baada ya sponji kuwawasha watu usoni. Lenzi zifutwe kwa kitambaa kikavu, spiriti isiziguse, na miwani isiachwe juani, maana jua likipita kwenye lenzi linaunguza kioo cha ndani. Mwenye macho mekundu akae benchi la mbele ashangilie.

Watasema tena: "Wasimulizi wale waliishi kwa kazi za watu bila ruhusa." Kweli, na kosa hilo tusilirithi. Tutengeneze zetu. YouTube inapokea video za kuzungukia pande zote tangu mwaka 2015, na mwenye simu ya kawaida huzitazama kwa kuburuta kidole, miwani asiwe nayo. Nairobi walishaanza: mwaka 2017 The Nest Collective walitoa filamu ya miwani iitwayo Let This Be a Warning, Waafrika wamehama dunia wakaanzisha makazi sayari ya mbali, na mgeni aliyeingia bila kualikwa ni wewe uliyevaa. Wazo hilo halikutoka kwenye mashine. Lilitoka kwa mwandishi.

Na kazi hii ni ya mwandishi kuliko ya fundi. Katika filamu ya kawaida kamera inakulazimisha pa kutazama. Humu mtazamaji anaweza kugeuka akakupa mgongo muda wote. Kinachomgeuza ni sauti: mlio nyuma yake, jina lake likiitwa, mtu anayesema "njoo huku". Bibi zetu walilijua hilo gizani, bila picha hata moja. Paukwa! Ukijibu pakawa, tayari umeshageuka.

Basi mwenye miwani aache kutusimulia alivyofika Paris. Aandike kurasa tano: saa kumi na moja alfajiri, mtaa wa Kongo, machinga wanatandika bidhaa, sauti zinatoka pande nne. Nani anaita kwanza? Mtazamaji anageukia wapi? Toleo lijalo tunataka kuchapisha muswada huo. Picha za mtu amevaa kofia tumeshaziona za kutosha.