Fundi ni fundi: sheria inasemaje mwanamke anaponyimwa kazi?

Mkataba wa kujenga reli ya SGR kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Miradi kama hii huhitaji madereva, mafundi umeme, wachomeleaji na vibarua. Lakini binti mwenye cheti cha uchomeleaji akifika getini, kwa nini ni rahisi kudhaniwa mama lishe kabla ya kuonekana fundi?

Sababu tunazozisikia ni zilezile: hana nguvu, atapata mimba, mume hatamruhusu kulala kambini. Hakuna hata moja inayopima ujuzi wake.

Hoja ya nguvu inashangaza zaidi hapa Unyamwezini. Katika karne ya 19, kabla treni haijafika Tabora mwaka 1912, misafara iliyokwenda pwani ilikuwa na wanawake pia. Walitembea majuma mengi wakibeba vyungu, chakula na watoto, na baadhi yao mizigo ya biashara. Simulizi nyingi zimemkumbuka mpagazi mwanamume peke yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, ndoa au majukumu ya familia. Inamlinda hata anayeomba kazi, na inagusa matangazo ya ajira pia. Kwa hiyo tangazo la "mhudumu wa mapokezi, awe msichana" nalo linamnyima kijana wa kiume haki yake, isipokuwa mwajiri aoneshe kuwa kazi yenyewe inadai hivyo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: mlalamikaji akishaonesha dalili za ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Ugumu ni kwamba ubaguzi mwingi hauandikwi. Mwombaji huambiwa "tutakupigia", basi. Ndiyo maana tunashauri: tunza tangazo, andika tarehe, maswali uliyoulizwa na majina ya waliokusaili. Ukiulizwa utazaa lini, liandike hilo. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 60.

Kwa waajiri, njia ni fupi. Kama kazi ni kuchomelea, wapeni waombaji wote chuma kilekile wachomelee, kisha kagueni kiungo. Kiungo hakisemi kimechomelewa na nani.