Uwanja wa Shule Uingie Kwenye Bajeti

Kila tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, shule nyingi za Moshi hupata miche na watoto huchimba mashimo. Masika huitunza miche hiyo kwa wiki chache. Kisha mvua hukatika, likizo ya katikati ya mwaka hufika, mbuzi huingia uwanjani na miche hukauka. Kila halmashauri nchini imewekewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na hesabu inayotangazwa ni ya miti iliyopandwa. Sisi wazazi tunaodai viwanja vya kijani tuulizie miti iliyo hai mwezi wa pili, jua linapokuwa kali kuliko wakati wote.

Watu wa Kilimanjaro tunajua kuishi na miti. Kule Shimbwe Juu, Uru, mfumo wa kihamba ulitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo wa dunia: miringaringa na miruka juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, kisha magimbi na mboga. Mtoto wa Uru au Marangu hutoka kwenye kivuli hicho asubuhi, akaenda kusimama mstarini kwenye udongo mtupu. Wa Mabogini au Kahe, kule tambarare, hana kivuli njiani wala shuleni. Darasani bati linawaka juu ya vichwa vya watoto, na mwalimu hulazimika kuchagua kati ya kufungua madirisha vumbi liingie au kuyafunga wakose hewa.

Vumbi hilo tunalitengeneza wenyewe. Tumelelewa kuamini kwamba uwanja nadhifu ni ule uliofagiliwa hadi lisibaki jani, na Moshi, mji unaosifika kwa usafi, tunalishika hilo kwa fahari. Kila asubuhi watoto hufagia majani, nyasi changa na udongo wa juu kidogo kidogo. Mwaka hadi mwaka ardhi hugandamana, mizizi ya miti iliyosalia hubaki nje, na mvua ikinyesha maji hayana pa kuzama. Hukimbia kwenye mteremko, hukata korongo nyuma ya vyoo, hubomoa njia ya jirani wa chini. Mvua za 2024 zilitukumbusha maji ya namna hiyo yanavyoweza kuwa: kufikia mwishoni mwa Aprili, Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini. Siwezi kusema nyasi za uwanjani zingezuia mafuriko yale. Ila mwalimu anayeruhusu nyasi ziote na majani yabaki chini ya miti asionekane mvivu, na sisi wazazi tuwe wa kwanza kumtetea.

Kuna hoja nzito dhidi yetu. Shule zina upungufu wa madarasa, madawati na matundu ya vyoo. Kwa nini fedha ziende kwenye miti? Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, serikali ilijenga madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20. Yalihitajika, na nashukuru yalijengwa. Lakini darasa ambamo mtoto anasinzia kwa joto saa saba mchana linatumika nusu tu, na gharama ya kulipoza kwa kivuli ni ndogo sana ukilinganisha na milioni hizo.

Hesabu yenyewe ni hii. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa la vyumba viwili, tuseme mita za mraba 150, hupokea lita 10,000 kwa mvua ya milimita 67, kiasi ambacho masika ya kawaida hupita kwa mbali. Miche 40 ikipewa lita 10 kila mmoja kwa wiki, kwa wiki 20 za kiangazi, inahitaji lita 8,000. Simtanki moja ya lita 10,000 na mifereji ya kukinga maji ya paa vinatosha kuifikisha kwenye vuli. Miti ikishika mizizi, tangi linabaki kwa ajili ya kunawa mikono.

Nani alipe? Tangu 2016 elimumsingi haina ada, na mzazi maskini asirudishiwe mzigo kwa mlango wa mazingira. Kwa maoni yangu tangi na mifereji ni kazi ya halmashauri, viandikwe kwenye makadirio ya kila jengo jipya pamoja na bati na saruji. Zamu ya kumwagilia wakati wa likizo na kufukuza mbuzi ni yetu. Wazee wetu waligawana maji ya mfongo, mfereji wa asili, kwa zamu, na aliyekwepa kusafisha mfereji alijibu mbele ya wenzake. Kamati ya shule inaweza kupanga zamu kama hiyo bila kuomba senti ya mtu.

Miti nayo ichaguliwe kwa akili. Mkaratusi hukua haraka lakini hunywa maji mengi. Mwembe na mparachichi hulisha, ingawa lazima tukubali mawe yatarushwa. Mjohoro huvumilia ukame wa tambarare. Karibu na kuta isipandwe miti yenye mizizi mikubwa. Na shule inayopika makande kwa kuni itakula kivuli chake yenyewe, kwa hiyo jiko banifu au la gesi ni sehemu ya madai haya haya. Jijini Paris, mpango ulioanza 2017 unaondoa lami kwenye viwanja vya shule ili miti na udongo virudi. Sisi hatuna lami ya kung'oa.

Mwaka wa fedha huanza Julai, na mapendekezo ya shule huandaliwa miezi mingi kabla. Kamati itakayongoja miche ya Aprili itakuwa imechelewa kuomba tangi. Maombi hayo yaandikwe kwenye kikao cha wazazi cha Novemba, na muhtasari wake umfikie diwani.