SAFARI NA MTOTO, SEHEMU YA 4: Taa za ndege zikipunguzwa, usiwashe tochi

Mama zangu na baba zangu, tuendelee. Wengi mmeuliza: kwa nini ndege ikikaribia kuruka au kutua usiku taa za ndani zinapunguzwa, wakati ndio kwanza mtoto anasumbua? Wengine wanasema wanabana umeme. Wengine eti ni ili tulale. Hapana jamani. Ni kwa ajili ya macho yako.

Si unajua umeme ukikatika usiku ghafla? Mwanzoni huoni hata mkono wako. Ukitulia kidogo, unaanza kuona mlango, kitanda, hadi ndoo pale kona. Giza ni lile lile, ila macho yamezoea. Ndani ya jicho kuna seli za kuonea kwenye mwanga hafifu, na haziamki haraka. Zinahitaji dakika kadhaa ndipo zianze kukusaidia, na karibu nusu saa kufikia uwezo wake wote. Ukizipiga mwanga mkali, unazirudisha nyuma.

Sasa, ajali nyingi za ndege hutokea wakati wa kuruka au kutua. Ndege kubwa ya abiria hairuhusiwi kuanza kazi mpaka ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, gizani, wakitumia nusu tu ya milango. Sekunde 90! Muda huo wengine hatujamaliza kufunga nepi. Ukizipoteza 20 unapapasa kwa sababu macho yametoka kwenye mwanga, na una mtoto mkononi, hapo ndipo hatari ilipo. Macho yakishazoea, unaiona ile mistari inayong'aa sakafuni kuelekea mlangoni.

Januari 2, 2024, kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines ilitua giza limeshaingia, ikagongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani na kushika moto. Watu 5 wa ile ndogo walifariki, inaumiza sana. Lakini kwenye ile ya abiria, wote 379 walitoka hai, watoto wadogo wakiwemo. Sisemi ni taa peke yake. Watu walifuata maelekezo na kuacha mizigo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kumwashia mtoto tochi ya simu au katuni yenye mwanga mkali wakati ule si kumbembeleza. Unamnyima macho yako, nawe ndiye mtu pekee atakayembeba.

Fanya hivi kabla taa hazijapunguzwa:

1. Badilisha nepi na weka nyonyo au chupa karibu. Akinyonya wakati ndege inapanda au kushuka, masikio hayamsumbui sana.
2. Mvalishe viatu, na wewe vaa vyako.
3. Hesabu viti mpaka mlango wa dharura, wa mbele na wa nyuma.
4. Mkiwa wawili, kubalianeni nani anabeba nani.
5. Pazia la dirisha liache wazi ukiambiwa. Wahudumu wanahitaji kuona kama nje kuna moto.
6. Likitokea la kutokea, beba mtoto tu. Begi la nepi liache.

Na mashirika ya ndege nayo yasikie. Mnatutangazia kwamba taa zitapunguzwa, mara nyingi kwa Kiingereza cha haraka haraka, bila kusema sababu. Ongezeni sentensi moja ya Kiswahili: "Tunapunguza taa ili macho yenu yazoee giza." Wodini tumeliona hili: mama akielewa dawa ni ya nini, anaimaliza. Asipoelewa, inabaki kwenye mkoba.

Mtumie dada au shemeji anayesafiri na mtoto. Sehemu ya 5 tutaongelea mtoto mwenye mafua: apande ndege au asubiri?