Wi-Fi ya wageni: swali la kuuliza kabla ya kulipa

Mwenye duka anayeishi uani hununua mtandao wa meshi, yaani vifaa viwili au vitatu vinavyopokezana Wi-Fi, kwa sababu kuta za tofali huzuia mawimbi. Anachoulizia ni kasi. Hatari iko kwingine: mteja akipewa neno la siri la nyumbani, anaingia mtandao uleule wenye kompyuta ya mauzo na kamera.

Mtandao wa wageni huwatenga, lakini si mara zote. Google Nest Wifi, kwa mfano, ikiwekwa katika hali ya daraja, ambapo ruta ya kampuni ya simu ndiyo inayoongoza, haitoi tena mtandao wa wageni. Muuzaji aulizwe hilo kabla ya bei, na kama kifaa kina WPA3, ulinzi uliotangazwa mwaka 2018.